Stempu moja, nafasi moja: kushiriki droo za Uingereza kwa njia ya posta

Swali: "Naishi Coventry, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kila nikishika simu naona matangazo ya droo za nyumba, magari na pesa taslimu. Mwenzangu kazini ananiambia nisinunue tiketi, kwamba chini kabisa kwenye masharti kuna anwani ya posta ya kushiriki bila kulipa. Ni kweli, au barua hizo huishia kwenye pipa la taka? Nikituma nyingi nitaokoa pesa? Na mdogo wangu aliye Mombasa anaweza kuingia?"

Jibu:

Mwenzako amekwambia kweli, dada yangu. Anwani hiyo ipo, na kampuni haikuiweka kwa ukarimu. Imeiweka kwa sababu bila hiyo ingekuwa inavunja sheria. Barua yako ikifika kwa wakati na ikifuata masharti, jina lako linaingia kwenye droo likiwa na uzito uleule wa jina la aliyelipa. Ila stempu unainunua, na kwa bei za stempu za siku hizi wako watu wengi wanaopoteza pesa huku wakiamini wanaokoa. Ziko droo ambazo posta ni nafuu mara kumi kuliko tiketi. Ziko nyingine, hasa zile kubwa za nyumba, ambazo posta ndiyo njia ghali. Nataka uweze kuzitofautisha kabla hujanunua hata bahasha.

Tuanze na sheria, maana ukiielewa utajua mahali pa kutafuta anwani na mahali ambapo haipo kabisa. Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 inatumika England, Scotland na Wales (Ireland ya Kaskazini ina sheria yake). Kwa sheria hiyo, bahati nasibu ni pale mambo matatu yanapokutana: mtu anatakiwa kulipa ili ashiriki, kuna zawadi, na mshindi anapatikana kwa bahati tupu. Ni mafiga matatu, na ukiondoa moja chungu hakikai. Yakiwepo yote, mwandaaji anabanwa na sheria za bahati nasibu, na hizo haziruhusu mfanyabiashara kuchezesha kwa faida yake binafsi. Ukiacha Bahati Nasibu ya Taifa, nafasi hiyo wameachiwa zaidi mashirika ya hisani, vyama na halmashauri.

Sasa kampuni inayotaka kutoa gari na kubaki na faida itafanya nini? Zawadi haiwezi kuiondoa. Inaweza kuondoa bahati kwa kuweka swali la ujuzi, lakini sheria inataka swali liwe gumu kiasi cha kuwazuia watu wengi kushiriki au kushinda. Kuuliza mji mkuu wa Ufaransa hakutoshi, na swali gumu kweli linafukuza wateja. Kwa hiyo wengi huondoa sharti la malipo. Jedwali la Pili la sheria hiyo linasema kwamba gharama ya kawaida ya kutuma barua ya daraja la kwanza au la pili haihesabiwi kuwa malipo. Mwandaaji anaruhusiwa kuuza tiketi, mradi awape watu hiari ya kutuma barua badala ya kununua.

Hiari hiyo ina masharti, na haya ndiyo ngao yako. Kwanza, njia ya bure iwe barua ya kawaida, au njia nyingine ambayo si ghali zaidi wala si ya usumbufu zaidi kuliko kulipa. Pili, itangazwe kwa namna ambayo kila anayetaka kushiriki ana uwezekano wa kuiona. Tatu, utaratibu wa kumpata mshindi usimbague aliyetuma barua na aliyelipa. Mwandaaji anayeificha njia ya posta kwenye ukurasa usiofikika, au anayeziweka barua kwenye kapu tofauti na tiketi, anahatarisha biashara yake yote, kwa sababu droo yake inageuka kuwa bahati nasibu isiyo halali.

Kutokana na hilo utaona kwa nini huwezi kuandika barua kwenda Bahati Nasibu ya Taifa wala People's Postcode Lottery. Hizo ni bahati nasibu zenye leseni. Haziihitaji njia ya bure, kwa hiyo haziitoi. Vivyo hivyo promosheni za kwenye pakiti za biskuti na soda: ukinunua bidhaa kwa bei yake ya siku zote, sheria haihesabu kwamba umelipia kushiriki, hivyo mwandaaji halazimiki kukupa anwani. Anwani ya posta itafute kwenye droo za kibiashara za mtandaoni, kwenye mashindano ya televisheni yanayotoza ujumbe au simu, na kwenye magazeti ya mafumbo.

Sasa hesabu, na hapa naomba utulie. Mnamo Aprili 2025 stempu ya daraja la kwanza ilipanda kutoka £1.65 hadi £1.70, na ya daraja la pili kutoka peni 85 hadi peni 87. Nitatumia peni 87. Kama bei imepanda tangu hapo, weka hiyo mpya na hesabu itaendelea kufanya kazi. Kwa madhumuni yako daraja la kwanza halina faida yoyote, kwani barua iliyofika Jumanne na iliyofika Ijumaa zina nafasi sawa ikiwa droo inafungwa Jumapili.

Chukua shindano la televisheni linalotoza £2 kwa kila ujumbe. Barua inakugharimu peni 87 na bahasha ya peni chache, kwa hiyo umeokoa zaidi ya pauni kwa kila nafasi. Chukua droo ya saa ya kifahari ambayo tiketi moja ni £10 na tiketi zote ni 1,000. Hapo posta ndiyo mahali pake: kwa pesa ya tiketi moja unapata barua kumi na moja. Sasa chukua droo ya gari ambayo tiketi ni peni 20. Stempu moja ingekununulia tiketi nne. Kutuma barua hapo ni kuipa Royal Mail, kampuni ya posta, pesa ambazo hukulazimika kuzitoa.

Droo za nyumba ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Kampuni ya Omaze, iliyoanza droo zake Uingereza mwaka 2020, na nyingine zilizoifuata, huuza nafasi kwa mafungu na si moja moja. Tuseme £10 inakupa nafasi 15. Kila nafasi ni peni 67. Ukizitaka nafasi 15 hizo kwa posta ni stempu za £13.05, na bahasha 15, na jioni nzima ya kuandika. Fungu likiwa kubwa zaidi, bei ya kila nafasi inashuka tena, na posta inazidi kuachwa nyuma. Lakini usiharakishe kuifuta. Kama nia yako ni nafasi moja tu, kwa raha ya kuwemo, na kiwango cha chini cha kulipa ni £10, barua inakuingiza kwa peni 87. Kwa hiyo jiulize maswali mawili: nafasi moja ni bei gani ukilipa, na kiasi kidogo kabisa unacholazimika kutoa ni kipi? Kisha ulinganishe na stempu.

Kuna jambo jingine halisemwi sana. Droo nyingi za nyumba hutoa sehemu ya mapato kwa shirika la hisani. Ukishiriki kwa stempu, shirika hilo halipati kitu kutoka kwako. Si kosa, sheria imekupa haki hiyo, lakini kama ulikuwa unajiambia kwamba unachangia hospitali ya watoto, changia moja kwa moja na pesa yako yote itafika.

Uliuliza kama nyingi zitaokoa. Kinachookoa ni tofauti ya bei kwa kila nafasi, na wingi hauibadilishi. Ikiwa droo ni ya stempu ghali kuliko tiketi, barua hamsini zitakupotezea mara hamsini. Ikiwa stempu ni nafuu, bado angalia thamani ya nafasi yenyewe. Kwenye droo yenye tiketi za idadi maalumu unaweza kuihesabu: gawanya thamani ya zawadi kwa idadi ya tiketi. Zawadi ya £5,000 kwa tiketi 4,999 ina maana kila nafasi ina thamani ya pauni moja hivi, zikiuzwa zote. Stempu ya peni 87 hapo inavumilika, na tiketi ya £2 haivumiliki. Kwenye droo isiyo na kikomo cha tiketi, hesabu hiyo haiwezekani kabla ya droo kufungwa, na zile zinazotangazwa nchi nzima zina washiriki wengi mno. Ushauri wangu ni kwamba upange stempu zako za mwezi mapema, sita au nane, zikiisha zimeisha, na uzielekeze kwenye droo ndogo za tiketi ghali. Mshahara wa kutunza wazee ni wa jasho, usiutoe kidogo kidogo bila kuona unakokwenda.

Sasa pipa la taka. Wasiwasi wako una msingi. Droo za aina hii hazina leseni, na kwa hiyo hakuna ofisa anayezikagua kila wiki. Tume ya Kamari inaangalia zaidi kama droo imevuka mpaka na kuwa bahati nasibu. Na hata vyombo vikubwa viliwahi kuteleza: mwaka 2007 msimamizi wa utangazaji, Ofcom, aliitoza GMTV, kampuni ya televisheni, faini ya pauni milioni 2 kwa sababu washindi walikuwa wakichaguliwa wakati watazamaji bado wanaendelea kupiga simu za kulipia. Kwa hiyo kuuliza ni haki yako.

Ulinzi uliopo ni huu. Kanuni za matangazo zinazosimamiwa na ASA, chombo kinachosimamia matangazo Uingereza, zinataka droo ifanywe kwa bahati ya kweli, kwa kompyuta inayothibitika au chini ya mtu huru, na zinataka jina la ukoo na kaunti ya washindi wakubwa vitangazwe au vitolewe kwa anayeomba, isipokuwa mshindi amepinga. Mwishoni mwa 2025 serikali nayo ilitoa kanuni za hiari kwa waandaaji wa droo, zinazohusu ulinzi wa washiriki, uwazi na uwajibikaji. Mimi huwaambia watu waangalie kama kampuni imekubali kuzifuata. Na ziko kampuni zinazochapisha orodha ya washiriki kabla ya droo inayorushwa moja kwa moja mtandaoni. Ukituma barua huko, fungua orodha na utafute jina lako. Usipoliona, andika barua pepe siku hiyohiyo, kabla ya droo, si baada yake. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa ASA, au piga simu Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure kwa wananchi, ambao watayafikisha kwa Trading Standards, idara za halmashauri zinazosimamia haki za wateja.

Hata hivyo, kwa ninavyoona, barua nyingi zinazopotea hazitupwi na mtu mbaya. Zinakataliwa kihalali, kwa sababu mwandishi hakusoma. Vigezo na masharti kuzingatiwa, tunavyosikia kila siku kwenye matangazo ya redio kule nyumbani, na hapa ndipo vinapouma. Sharti la kawaida kabisa ni nafasi moja kwa bahasha moja. Ukitia karatasi kumi ndani ya bahasha moja, utahesabiwa moja au hutahesabiwa kabisa. Wengi wanataka mwandiko wa mkono na wanakataa karatasi zilizochapishwa kwa mashine. Wengine wanataka kadi ya posta isiyo na bahasha. Hiyo stempu yake ni ileile, na inakupunguzia gharama ya bahasha. Wapo wanaotaka uwe umefungua akaunti kwenye tovuti yao kwanza, na kwamba jina, anwani, barua pepe na namba ya simu kwenye barua vilingane herufi kwa herufi na vya akaunti. Hapa watu wetu huumia, kwa sababu majina yetu matatu tunayapanga tofauti kila mahali. Chagua mpangilio mmoja, ule wa kwenye kitambulisho chako, na uutumie daima. Andika kwa herufi kubwa. Taja jina kamili la droo unayoitaka, kwa kuwa kampuni moja huweza kuwa na droo nyingi kwa wakati mmoja, zote kwa anwani moja. Usimpe mtu au kampuni kazi ya kukuandikia, maana masharti mengi yanafuta barua za wakala.

Muda nao unahitaji uangalifu. Kinachohesabiwa ni siku barua inapofika, si siku uliyoitia kwenye sanduku jekundu. Stakabadhi ya bure ya Post Office inathibitisha kwamba umetuma, lakini karibu masharti yote yanasema hiyo si ushahidi kwamba imepokelewa. Usijaribu kutuma kwa njia ya kusainiwa, kwani utalipa zaidi na huenda wasiipokee. Tangu Julai 2025 Royal Mail imeruhusiwa kupeleka barua za daraja la pili siku moja baada ya nyingine, Jumatatu hadi Ijumaa, bila Jumamosi. Kwa hiyo mimi ningetuma siku kumi kabla ya kufungwa. Kisha kuna mtego wa droo zenye tiketi za idadi maalumu: tiketi zikiisha mapema, droo inafungwa, na barua iliyo njiani imechelewa ingawa tarehe iliyotangazwa bado. Droo inayouzika haraka, ya saa chache au siku mbili, si ya kuandikia barua.

Kuhusu stempu zenyewe, zile zilizoandikwa "1st" au "2nd" bila bei zinaendelea kutumika hata bei ikipanda. Royal Mail ikitangaza kupandisha, nunua za miezi michache kwa bei ya zamani. Ziwe na msimbo wa kompyuta pembeni, kwani zile za kawaida zisizo nao ziliondolewa kwenye matumizi mwaka 2023. Na ukiona stempu zinauzwa mtandaoni kwa nusu bei, ziache. Stempu bandia ni nyingi, na barua yenye stempu bandia huenda isimfikie mwandaaji kabisa.

Ukishaanza kushiriki, jina na namba yako vitakuwa kwenye vitabu vya watu. Fungua barua pepe ya pembeni kwa ajili ya droo tu, na uandike kwenye barua kwamba hutaki kutumiwa matangazo. Sheria ya taarifa binafsi inakupa haki hiyo. Kisha jiandae kwa matapeli. Atakayekwambia umeshinda lakini utume ada ya usafirishaji, ya mwanasheria au ya kodi, ni mwongo, hata akitumia nembo ya kampuni unayoifahamu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2012, katika kesi iliyotoka hapahapa Uingereza ya Purely Creative, ilisema mfanyabiashara haruhusiwi kumwambia mtu ameshinda kisha amtoze gharama yoyote ili aichukue zawadi, hata ikiwa ndogo kama stempu. Shika hilo: stempu inaruhusiwa wakati wa kuingia, hairuhusiwi wakati wa kudai ulichoshinda.

Ukishinda kweli, zawadi yenyewe haitozwi kodi ya mapato. Lakini kama unapokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, akiba inayozidi £6,000 inaanza kupunguza malipo yako, na inayozidi £16,000 inayakatisha. Utatakiwa kutoa taarifa mara moja. Nimewaona waliofurahia pesa kwa wiki tatu, kisha wakapokea barua ya kudaiwa marejesho.

Hukuuliza kuhusu dini, lakini wengi wa wasomaji wangu ni Waislamu na swali hili huja: je, barua hiyo ni kamari? Kwa sheria ya nchi, si kamari. Kwa sheria ya dini, peleka suala kwa sheikh unayemwamini, na umweleze picha nzima: kwamba wewe hukulipia tiketi, ila wengine wamelipa na zawadi imetokana na pesa zao. Usimpe nusu ya maelezo.

Mdogo wako wa Mombasa, kwa droo nyingi, hawezi. Masharti karibu yote yanamtaka mshiriki awe mkazi wa Uingereza na awe na miaka 18 au zaidi. Usimwandikie barua kwa jina lake ukitumia anwani yako ya Coventry, kwa sababu mshindi huombwa kitambulisho na uthibitisho wa makazi, na zawadi itafutwa hapohapo. Ukitaka kumshirikisha, shiriki wewe kwa jina lako, na ukipata utajua mwenyewe utakavyomgawia. Na umwambie leo, kabla mtu mwingine hajamwahi: akipokea ujumbe wa WhatsApp kwamba ameshinda droo ya Uingereza, hajashinda, asitume hata shilingi kumi, na asimpe mtu namba ya siri ya M-Pesa.